Mita Thelathini Kutoka Kisimani

Mara ya kwanza nilipokokotoa, mstari ulipita mbali na duara, nami nikainuka mezani nikaanza kufunga begi. Chai yangu ilibaki kikombeni. Nilikuwa nimekaa kwa mama siku kumi na moja, na kwangu hizo ni nyingi. Ikifika siku ya nne tu huwa nalala viatu vikiwa vimetazama mlango.

Mstari huo ulikuwa bomba la majitaka. Duara lilikuwa eneo la kisima cha mama.

Nyumba yetu iko Kibamba, kwenye mteremko ambao zamani ulikuwa wa mikorosho na sasa ni wa kuta. Tulihamia nikiwa darasa la sita, tukitokea chumba cha kupanga Temeke, ambako maji tuliyapata kwa ndoo kutoka kwenye mkokoteni. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alianza na kisima kabla ya kupaua nyumba. Majirani wachache waliokuwepo walimcheka kwamba analala chini ya turubai huku anatafuta maji ya kuoga. Alichimba kiangazi kizima, akashusha pete za zege moja moja, na maji yalipopatikana yalikuwa na chumvi kidogo sana, kiasi cha kukufanya ujiulize kama kweli ni chumvi. Siku hizi maji ya bomba yamefika mtaani, ila yana siku zake za kutoka. Kisima hakina siku zake.

Kila asubuhi mama huweka kigoda chini ya mpapai, hatua nne kutoka kisimani, na watu huanza kuja na ndoo. Hawalipi kitu. Wanaacha habari: nani amejifungua, nani amehama, mtoto wa nani amechaguliwa shule gani. Ikifika saa nne mama anaujua mtaa mzima ulivyoamka, anaingia ndani kuchambua mchele. Mwaka ule presha ilipompanda akaanguka, aliyemkuta ni mwanamke aliyekuja kuteka maji ya kufulia. Mimi nilikuwa Tunduma, nimesimama juu ya belo la sweta, naita wateja.

Mimi ni mtu wa minada. Nauza mitumba, leo mnada huu, keshokutwa ule, na kati ya mnada na mnada nalala nyumba za wageni ambazo nazijua kwa harufu ya mashuka. Niliwahi kuolewa, nikaishi Kinondoni miaka miwili kwenye nyumba nzuri yenye feni juu ya kitanda, na kitu nilichokikumbuka kila jioni ni honi za mabasi ya alfajiri pale Ubungo. Stendi ilipohamishiwa Mbezi nilisikitika kama mtu aliyebomolewa kwao, ingawa Mbezi ni karibu zaidi na kwa mama. Kuondoka kumekuwa rahisi mno. Zamani, kutoka Kibamba hadi Ubungo, kulikuwa na muda wa kujuta njiani.

Jambo hili sikuwahi kumwambia mtu: niliweza kuishi hivyo kwa sababu ya kile kisima. Kilikuwa kinamletea mama watu. Kingefukiwa, kile kigoda chini ya mpapai kingebaki kinatazama ukuta, na mtu wa pekee wa yule mama ningekuwa mimi, na ningetakiwa kukaa.

Habari za bomba alinipa jirani yetu kwa simu. Ni bibi wa hapa hapa pwani, mjane, anakaanga vitumbua mbele ya baraza lake upande wa mashariki wa nyumba yetu, na amechota maji kwetu tangu nikiwa na sare ya shule. Hakuanza na bomba. Aliniambia kwamba mama anajaza maji kwenye kila chombo ndani ya nyumba, mapipa, madumu, beseni, mpaka masufuria ya shughuli, na akiulizwa anasema anaosha vyombo.

"Mwanangu, mtu haoshi sufuria lile lile siku tatu," alisema. "Njoo."

Nilipofika nilikuta barua juu ya kabati. Mradi wa majitaka ulikuwa unapita mtaani, na kisima chochote ambacho bomba lingepita ndani ya mita thelathini kutoka kwake kingefukiwa, kwa ajili ya afya za watu. Nyuma ya barua mtu alikuwa ameandika kwa kalamu namba mbili: 37.5 na 36.1.

Aliyeziandika alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa fundi wa mradi, msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa buti kubwa kuliko miguu yake, anayetoka Boko kila siku alfajiri. Alimwamkia mama shikamoo mara mbili, moja ya mlangoni na moja ya kisimani. Alieleza kwamba namba zile ni umbali kutoka kisimani hadi chemba mbili, yale mashimo yenye mifuniko ambako bomba hunyooka au kugeuka. Zote mbili zilikuwa nje ya mita thelathini. Lakini kuhusu bomba lenyewe, pale katikati ya chemba na chemba, hakuwa na uhakika.

"Sie ofisini tunapimaga chemba tu, dada," aliniambia. "Katikati kuna ule ukuta."

Ukuta ulikuwa wa jirani mwingine, anayeishi mkoani, mwenye kiwanja kilichofungwa kwa kufuli lililoota kutu. Kiwanja hicho kinatutenga na kichochoro ambamo bomba lilipangwa kupita. Baada ya fundi kuondoka nilijaribu kupima mwenyewe kwa kamba. Nilikata mita thelathini, nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya kisima, nikaanza kutembea kuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Upande wa nyuma nilifika mpaka bandani kwa kuku. Upande wa bomba nilitembea hatua chache nikagonga ukuta. Niliirusha kamba juu, ikaangukia ndani kwa watu, nikashindwa hata kuivuta. Mama alikuwa kwenye kigoda, ananitazama bila kucheka, jambo lililoniudhi zaidi.

Fundi alikuwa ameniambia jambo moja zaidi. Kama tuna mtu anayeweza kukokotoa, alete karatasi ofisi ya mtaa kabla ya Ijumaa, maana Jumatatu ndiyo wanachimba.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Hesabu ndilo somo pekee nililolipenda bila kulazimishwa. Nilisoma sekondari miaka ambayo Kibamba ilikuwa bado Wilaya ya Kinondoni, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mtu mfupi, mwenye koti moja, aliyebaki na sisi watatu baada ya kengele kwa ajili ya hesabu za ziada. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, lakini darasa likiisha alifunga mlango na kutufundisha kwa Kiswahili. Alichora duara ubaoni kwa uzi na chaki, akibana ncha ya uzi kwa kidole gumba. Kisha akachukua rula ndefu. Alisema mstari mbele ya duara una tabia tatu tu: unalikata, unaligusa, au unalipita. Hauna ya nne. Alituonyesha namna ya kujua bila kuchora: andika mlinganyo wa mstari, andika mlinganyo wa duara, ingiza mmoja ndani ya mwingine, na utabaki na mlinganyo wa kipeo cha pili. Hapo tazama kitu kimoja tu, ile b mraba toa nne a c. Ikiwa hasi, havikutani. Ikiwa sifuri, vinagusana mahali pamoja. Ikiwa chanya, mstari umeingia na kutoka.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilikuwa upande wa mstari. Niliona duara linaonewa huruma bure, limekaa pale pale na kitovu chake, wakati mstari unatoka mbali na kwenda mbali. Bado nakumbuka vumbi la chaki kwenye ile mikono ya koti.

Kwa hiyo nilikwenda ofisi ya mtaa. Ubaoni walikuwa wamebandika jedwali la mradi, lenye namba za chemba na za bikoni, zile nguzo fupi za mipaka ya viwanja, zilizowekwa wakati wa urasimishaji ule uliotupa hati. Jedwali lilikuwa chini chini, na mbele yake kulikuwa na benchi lenye watu wanaosubiri barua za utambulisho. Nilinyoosha mkono katikati ya mabega yao, nikapiga picha na simu, nikatoka.

Nyumbani nilifungua daftari la hesabu lenye vimraba, kalamu ya risasi na kikokotoo cha simu. Kila nukta ilikuwa na namba mbili ndefu, za kuchosha macho. Nilifanya ambacho kila aliyesoma shule za kwetu angefanya: nikakata tarakimu za mbele, ambazo zilikuwa zinajirudia, nikabaki na za mwisho. Halafu nikaifanya bikoni ya kona ya kiwanja chetu kuwa sifuri, sifuri, nikatoa kila kitu kutoka hapo. Chemba ya kwanza ikawa hasi thelathini na tano, kumi na tano. Ya pili ikawa tano, arobaini na tano. Mteremko wa mstari ni robo tatu. Nilicheka peke yangu kwa jinsi ulivyokuwa safi.

Kisima hakikuwa kwenye jedwali, kwa hiyo nilikipima kwa tepu kutoka kwenye bikoni: mita tisa kuelekea mashariki, mita mbili kuelekea kaskazini. Tisa, mbili. Mashariki kwanza, kama tulivyofundishwa, unatembea chini kwanza kisha unapanda. Nusu kipenyo thelathini. Nikaingiza mlinganyo mmoja ndani ya mwingine, nikapanua mabano, nikakusanya. Mkono ulikuwa unakumbuka wenyewe. B mraba toa nne a c ikaja hasi, tena hasi kubwa, elfu mbili mia nane na zaidi. Nilikokotoa na umbali: bomba lingepita karibu mita thelathini na saba kutoka kisimani.

Mstari umelipita duara. Nikamwambia mama kwa sauti kutoka ndani, nikainuka kufunga begi. Kulikuwa na mnada Kibaigwa Jumamosi. Ningeweza kulala Morogoro.

Mama aliingia taratibu, akasimama mlangoni akinitazama ninavyokunja kanga.

"Nionyeshe," alisema.

"Nimeshakwambia, mama. Bomba halifiki kisimani."

"Basi nionyeshe hilo lisilofika."

Mama alisoma mpaka darasa la nne huko kwao bara, na namba zangu zilikuwa kwake kama mchwa waliopita kwenye karatasi. Kwa hiyo nilichora. Nilichora haraka, nimesimama, begi likiwa wazi kitandani. Mistari miwili inayokatana, bikoni pale inapokutana. Kisima nikakiweka tisa kulia, mbili juu, nikakizungushia duara kwa kifuniko cha chupa. Chemba mbili, mstari kati yao. Duara lilikuwa huku, mstari kule, na katikati nafasi nyeupe ambayo hata asiyesoma angeiona.

Mama aliichukua karatasi akaiweka mezani, akaishika kwa vidole viwili kana kwamba ina moto.

"Jua linachomoza wapi hapa?"

Nilimwonyesha upande wa kulia, kama kwenye ramani zote.

"Na jirani yangu wa vitumbua yuko wapi?"

Nikaweka kidole kulia, mbali na kisima. Palikuwa peupe. Chemba ya pili, ambayo kigingi chake cha rangi nyekundu kilisimama karibu na baraza la bibi, na ambacho mama alikuwa anakiona kila siku akienda kusalimia, kwenye karatasi yangu ilikuwa juu, nyuma ya nyumba. Ya kwanza ilikuwa kushoto kabisa, kwa watu tusiowajua.

Tuliigeuza karatasi. Tuliizungusha kulia, tukaizungusha kushoto. Haikukubali. Bomba likikaa mahali pake, kisima kinahama. Kisima kikikaa, bomba linakimbilia magharibi. Mwisho niliinua karatasi dirishani kwenye mwanga, nikaitazama kwa nyuma, nikaizungusha robo mzunguko. Hapo bomba likakaa sawa kabisa, likapita kichochoroni, likafika kwa bibi. Ni kisima tu kilichokuwa pabaya.

Mama alisogea akachungulia kando ya bega langu.

"Umekipeleka bandani kwa kuku," alisema.

Nilirudi ofisi ya mtaa nikikimbia kidogo, mwanamke mzima mwenye umri wangu. Benchi lilikuwa limeondolewa. Nilipiga magoti mbele ya jedwali, nikaona kitu ambacho picha yangu ilikikata, kichwa cha safu. Namba ya kwanza ilikuwa ya kaskazini. Ya pili ndiyo ya mashariki. Wapimaji ardhi huanza na kaskazini, na shuleni sisi tulianza na mashariki. Kama ningekosea kote ingekuwa sawa tu, kila kitu kingegeuka pamoja na umbali usingebadilika. Lakini bomba nililichukua kwenye jedwali lao, na kisima nilikipima kwa mkono wangu, kwa mpangilio wangu. Na kama nisingekata zile tarakimu za mbele ningeona, maana namba za kaskazini zilikuwa za mamilioni, na za mashariki za laki tu. Nilikuwa nimetupa kitu ambacho kingenionya.

Tena nilikuwa na ushahidi mwingine mkononi. Nyuma ya barua, fundi aliandika 37.5 na 36.1. Ningepima chemba zangu hadi kwenye kisima changu cha uongo ningepata arobaini na kitu, zote mbili, na ningejua. Sikupima. Nilipoona ile alama ya hasi nilikuwa nimeshafika Morogoro.

Nilikokotoa upya pale pale nje ya ofisi, nimekaa kwenye ngazi. Kisima: mbili, tisa. Kwanza nilipima umbali hadi chemba ya kwanza, ikaja thelathini na saba na nusu. Ya pili, thelathini na sita na kidogo. Zilifanana na za fundi, na sasa nilijua ninachokifanya ni kweli. Niliingiza mstari ndani ya duara. B mraba toa nne a c ikaja chanya, elfu moja na sitini na kitu. Mstari ulikuwa unaingia ndani ya duara na kutoka, mita ishirini na sita nzima chini ya ardhi, na mahali pa karibu zaidi ulikuwa mita ishirini na saba kutoka kisimani. Chemba zote mbili zilikuwa nje, zimekaa kwa adabu, na bomba kati yao lilikuwa limekatiza ndani ya duara letu kimyakimya, nyuma ya kile kiwanja chenye kufuli.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na karatasi mbili. Ile ya kwanza ilikuwa safi, imepangwa vizuri, jibu limepigiwa mstari. Nilijua kwamba fundi angeipokea na kushukuru, kwa kuwa ilikubaliana na wenzake ofisini. Begi lilikuwa bado wazi kitandani. Nilimweleza mama yote, na nilisikia sauti yangu ikieleza ile ya kwanza kwa upole kuliko ya pili.

Aliniuliza ipi ni ya kweli. Nikamwambia.

"Basi peleka hiyo," alisema. "Watu wanakunywa yale maji."

Kisha akachukua ndoo akatoka. Nilimsikia akiteka, na akimimina kwenye kitu ambacho kilikuwa kimeshajaa, maana maji yalisikika yakimwagika kwenye sakafu.

Nilimkuta fundi Alhamisi mchana, kwenye kivuli cha ofisi, anakula mihogo. Niliogopa kwamba atacheka, lakini alifuta mikono kwenye suruali, akaisoma karatasi kutoka juu mpaka chini huku midomo ikicheza. Aliniambia kwamba hayo aliyaacha siku ya mtihani wa kidato cha nne, akaapa hayatamkuta tena, sasa yamemfuata mpaka kazini. Aliona namba zake zile mbili zimetoka sawasawa, na akaona kati ya hizo kuna ishirini na saba.

"Ofisini wameshaandika kwamba kisima chenu kiko salama," alisema. "Wewe ndiye unakuja kukitia hatarini, dada?"

Nilimwuliza kama bomba linaweza kusogezwa. Alisema chemba ya kwanza imeshajengewa tofali, haiendi popote, ila ya pili bado ni kigingi. Mkubwa wake hana ugomvi na kigingi, mradi mwenye eneo akubali kabla ya Jumatatu. Kisogee kiasi gani? Hilo hakulijua.

Hiyo ndiyo hesabu niliyoifurahia kuliko zote maishani, na niliifanya nikiwa na hofu. Safari hii jibu lilikuwa linajulikana: sifuri. Nilitaka mstari uliguse duara mahali pamoja tu, na nikarudi nyuma kutafuta chemba ya pili ikae wapi ili iwe hivyo. Nilifuta mara nyingi hadi daftari likatoboka. Jioni jibu likaja: mita nane na nusu na sentimita chache kuelekea mashariki. Kugusa tu hakutoshi kwa bomba, lina upana wake na mchimbaji anaweza kuwa na usingizi, kwa hiyo nikaandika tisa. Nilichora pia, na nikaweka alama ya jua.

Mita tisa mashariki ya kile kigingi palikuwa mbele ya baraza la bibi, mahali pa jiko lake la vitumbua.

Mama alikataa niende peke yangu. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaniongoza asubuhi, wakati kikaango kiko motoni. Bibi alitusikiliza huku anageuza vitumbua kwa kijiti, hakuacha hata kimoja kiungue. Nilieleza mstari, nikaeleza duara, nikajikuta nachora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Mama alinikatiza. Alimwambia mwenzake kwamba wanaomba kuweka mfuniko wa chemba pale alipokaa, na kwamba akikataa hatamlaumu.

"Miaka yote hii nachota kwako," bibi alisema, "hujanitoza hata asante. Nilikuwa nasema hawa watu wa bara wana siri. Kumbe mlikuwa mnanisubiri na choo."

Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nifike.

"Wekeni," bibi akaendelea. "Jiko ni mawe matatu, nitalivuta. Lakini harufu ikitoka siku moja tu, nahamia kwa mama yako na kikaango changu, na wewe ndiye utanikaangia."

Nilikubali kila sharti. Fundi alikuja mchana akang'oa kigingi, akapima mita tisa, akakigongelea upya, bibi akiwa amesimama juu yake kama anayezindua kitu.

Mnada wa Kibaigwa ulinipita. Niliusikia ukinipita, Jumamosi nzima, nikizunguka uani, nikipanga upya madumu, nikifagia palipofagiliwa. Mama aliniacha. Jumatatu wachimbaji walikuja, na ilichukua mpaka Jumatano mtaro kufika kwa bibi. Siku hiyo fundi alileta chombo chake kirefu kinachosoma setilaiti, ambacho kuta hazikisumbui. Alisimama nacho kisimani kwanza, mama akamsogezea kigoda asiguse tope. Halafu akaufuata mtaro hatua kwa hatua, akisoma, akiandika. Mimi nilimfuata nyuma, daftari mkononi.

Alipofika mahali pa karibu zaidi alisimama, akanigeuzia kioo cha kile chombo nisome mwenyewe. Mita thelathini na sentimita kumi na tatu. Daftari langu lilikuwa limesema hivyo hivyo.

"Ungesomea hii kazi," aliniambia.

Nilimwambia ningeshindwa kukaa ofisini, na yeye akasema kwani mie nakaa ofisini, akanionyesha buti zake.

Nilirudi uani nikamkuta mama anamwaga maji. Alikuwa ametoa nje masufuria yote ya shughuli, mabeseni, madumu, na anayamimina moja moja kwenye mizizi ya mpapai, bila haraka. Nilishika sufuria kubwa upande mmoja, yeye upande wa pili, tukaliinamisha. Kigoda kilikuwa mahali pake. Wanawake wawili walikuwa wanateka, na mmoja alikuwa ameanza kusimulia jambo la harusi.

"Umeshapata jibu lako," mama aliniambia, macho yakiwa kwenye maji. "Nenda."

Nilisema naweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Nadhani kwa dakika ile nilimaanisha.

"Ulikuwa na haraka ya kuondoka mpaka ukakihamisha kisima bandani," alisema. "Ukikaa mpaka mwisho wa mwezi utahamisha na nyumba."

Wale wanawake wawili walicheka bila kujua wanacheka nini. Mama hakucheka. Alinishika mkono uliolowa, akaubana kidogo, akauachia.

Asubuhi yake nilipokuwa natoka aliniomba karatasi. Nilidhani anataka ile ya mwisho, yenye sifuri, ambayo mimi mwenyewe niliionea fahari, lakini alitaka ile ya kwanza, ya makosa. Alikuwa ameshatafuta pini. Aliibandika ukutani juu ya kabati, karibu na picha ya baba akiwa ndani ya shimo hadi mabegani, ana koleo.

"Andika jua linachomoza wapi," alisema. "Hapo iliponidanganya."

Nikachukua kalamu ya risasi. Upande wa juu wa karatasi, ambako siku ile niliipandisha namba ya pili ya jedwali nikidhani ni kaskazini, niliandika mashariki. Kisha nikavaa viatu.